Flash ya Msumari wa Kumi na Moja

Kijiwe chenyewe ni benchi moja la mbao ambalo mguu wake mmoja ni tofali, limeegeshwa ukutani chini ya dirisha la nyumba ya Komeo. Komeo ni fundi wa kufuli, na ubao wake wa funguo umepigiliwa pembeni ya dirisha hilo: misumari ishirini, kila msumari na aina yake ya funguo ambazo bado hazijachongwa. Isipokuwa wa kumi na moja. Hapo hutundikwa flash ya kijiwe, nyeusi, imefungwa kamba ya kiatu. Sheria yake ni fupi: anayeitaka anaichukua bila kuomba, akimaliza anairudisha bila kuaga. Kwa miaka minne imebeba mechi, sinema, mafunzo ya kufuga kuku na picha za harusi za watu ambao hakuna anayewajua, imeingia karibu kila nyumba ya mtaa, na haijapotea hata siku moja. Wanakijiwe wakipata mgeni, hilo ndilo jambo la kwanza kumwambia, kabla hata ya majina yao.

Siku hiyo, saa saba na nusu mchana, kioo cha kompyuta kilikuwa kimegeuzwa dirishani kinatazama barabara, na benchi limevutwa mbele likitazamana nacho. Kibodi ilikuwa mapajani mwa Komeo, waya wake umepitishwa kwenye nondo za dirisha. Kompyuta si yake. Ni ya mkewe, fundi cherehani, ambaye mtaa mzima unamwita Bi Sentimita kwa sababu tangu wamfahamu hawajamsikia akisema "karibu hivi". Alikuwa amekwenda kwa dada yake siku tatu na angerudi saa kumi. Wanakijiwe hawaruhusiwi kuingia na vikombe vyao kwenye chumba chake cha kazi, ndiyo maana ilibidi chumba kiwafuate wao. Na agizo jingine aliliacha siku anaondoka: kitu cha kijiweni kisichomekwe kwenye mashine yake. Komeo, ambaye anakula kwa kuwauzia watu usalama, jana jioni alichomeka.

— Mara ngapi? aliuliza Waya, fundi redio, kwa sauti ya askari mpelelezi.

— Mara moja.

— Moja tu?

— Mbili. Ya kwanza haikuingia vizuri.

— Ulikuwa unatafuta nini?

— Marudio ya fainali. Siku ya mechi nilikuwa namfungulia mlango mtu aliyejifungia chooni.

— Hilo linaeleweka, alisema Mzee Breki, na wote wakaona kwamba kweli linaeleweka.

Kilichotokea hakikueleweka. Bi Sentimita ana flash yake mwenyewe, yenye utepe mwekundu, ambayo haichomolewi kwenye mashine asubuhi wala jioni. Ndani yake mna folda nne, na moja inaitwa VIPIMO. Hiyo ina vipimo vya wauguzi sitini na watatu wa hospitali: wiki mbili za kuzunguka wodi kwa wodi na tepu shingoni, akimpima huyu huku ameshika sindano na yule huku anasinzia. Karatasi alizoandikia alizichana mwenyewe baada ya kuzinakili, maana hapendi mtu mmoja awe na vipimo viwili duniani. Vitambaa vya sare vimeshafika, marobota mawili yamekaa juu ya meza, na kesho asubuhi mkasi unaanza. Sasa folda zote nne zilikuwa na mshale mdogo pembeni. Ukibofya, kioo kinakuwa cheusi kwa muda wa kupepesa jicho, kisha hakuna kitu.

Komeo alikuwa anaona aibu, na chini ya aibu kulikuwa na woga. Si woga wa kelele, kwa sababu Bi Sentimita hapigi kelele. Angesema "sawa", achukue tepu, arudi hospitalini na kuanza upya na mtu wa kwanza. Hiyo "sawa" ndiyo iliyomkosesha Komeo usingizi.

— Mimi nasema izime, alisema Mzee Breki, aliyeendesha malori miaka thelathini na moja na siku hizi hana haraka na chochote. Gari likichemka unazima, unafungua boneti, unasubiri. Siku tatu. Mdudu anakosa umeme, anakufa njaa.

— Mke wangu anarudi saa kumi leo.

— Basi mnyime kwa muda wa saa mbili. Atakuwa amedhoofu.

— Njaa haiui virusi, alisema Dozi, muuzaji wa duka la dawa, mtu anayezungumza kama anaandika kwenye pakiti. Virusi unapambana navyo kwa ratiba. Unawasha na kuzima, moja mara tatu, siku tano, hata kama imeshapata nafuu. Watu wanaacha katikati, ndiyo maana virusi vinazoea.

— Kabla ya chakula au baada? aliuliza Mama Birika, muuza kahawa, akimimina.

— Kabla.

Waya alitoa mfukoni ukurasa wa daftari uliokunjwa mara nane.

— Hizo folda hazijaliwa, alisema. Zimefichwa. Zimo humo humo, zimefunikwa tu, na hiyo mishale ni vibandiko vya uongo. Ukibofya kibandiko, unamwamsha mdudu mwenyewe. Nina maelezo hapa, nilinakili kwa mtu anayejua.

Tatizo la Waya ni kwamba mwaka jana aliitengeneza redio ya Mzee Breki, na tangu siku hiyo redio inashika stesheni moja tu, ya hali ya hewa. Mzee Breki sasa anajua mvua za nchi ambazo hajawahi kuzisikia. Mtu akishakutendea hivyo, maelezo yake unayapokea kwa mkono wa kushoto.

— Zimefichwa na nani? aliuliza Mzee Breki.

— Na programu.

— Programu ina sababu gani ya kuficha kiuno cha muuguzi?

Dozi alifungua mkoba wake, akatoa pamba na kichupa cha spiriti, akaitungua flash ya kijiwe msumarini na kuanza kuisugua ile ncha yake ya chuma, taratibu, kutoka ndani kwenda nje.

— Maambukizi yanaingilia mdomoni, alisema. Hii flash inaingia kila nyumba na haijawahi hata kufutwa. Nyinyi mngekubali kijiko cha namna hiyo?

— Umesafisha? aliuliza Komeo.

— Imetakata. Hata mtoto mchanga unaweza kumpa.

Akaitundika kwenye msumari wa kumi na moja, ikabaki inabembea na kamba yake ya kiatu.

— Mimi nitawaambia kitu, alisema Mzee Breki, akasogeza kikombe pembeni kama mtu anayetaka nafasi. Tatizo si flash. Tatizo ni ile mechi. Timu iliyofungwa ina uchungu, sivyo? Na mechi inapita kwa watu wengi kabla haijatufikia. Mmoja wao ni shabiki wa waliofungwa. Mtu mwenye uchungu atashindwa kutia kitu humo?

— Kwa hiyo tungechukua mechi ambayo hakuna aliyefungwa? aliuliza Dozi.

— Sare. Mimi siku zote nachukua sare. Umewahi kusikia nyumbani kwangu kuna virusi?

— Nyumbani kwako hakuna kompyuta.

— Ndiyo nasema.

Komeo alitazama saa ya duka la mkabala. Saa nane na nusu. Mikono yake, ambayo inafungua kufuli la chuma kwa waya mwembamba bila kutetemeka, ilikuwa inatoa jasho juu ya herufi.

— Waya, alisema. Nisomee karatasi.

— Unamwamini? aliuliza Mzee Breki.

— Simwamini. Ila yeye ndiye mwenye karatasi.

Waya akasimama, maana mtu hasomi maelezo ya namna ile akiwa amekaa. Kwanza alimwelekeza kufungua dirisha jeusi lisilo na picha, lile la kuandika amri kwa mkono. Kisha aandike herufi ya flash ya Bi Sentimita, ambayo ilikuwa E, na nukta mbili. Kisha ikaja amri yenyewe.

— Andika attrib. Nafasi. Kistari, h. Nafasi. Kistari, r. Nafasi. Kistari, s. Nafasi.

— Nafasi ni nyingi kuliko maneno, alisema Mzee Breki.

— Nyota, nukta, nyota. Nafasi. Mkwaju, ule mstari ulioinama, s. Nafasi. Mkwaju, d.

— Mkwaju unaolalia wapi? aliuliza Komeo.

Waya aliisogeza karatasi karibu na uso.

— Mbele.

— Mbele ya nani? aliuliza Dozi. Mimi nimekaa huku.

— Unaolalia kwenye duka la viatu.

Komeo akatazama duka la viatu, lililokuwa kulia kwake, akaupata mkwaju, akabonyeza. Dirisha jeusi likafikiri kidogo. Kisha pale kwenye orodha ya flash, chini ya mishale minne, zikachomoza folda nne za njano, na ya tatu ilikuwa VIPIMO.

Benchi lilisimama lote. Mama Birika alipiga birika kwa kikombe. Komeo alifuta vibandiko vya uongo kimoja kimoja, kisha kwa kuhakikisha akakimbia ndani, akaichomoa flash ya utepe mwekundu, akaichomeka tena. Akarudi dirishani. Folda hazikuwepo. Mishale minne ilikuwa imekaa mahali pake.

— Ingekuwa redio, alisema Mzee Breki, sasa hivi ingekuwa inatangaza mvua.

Waya alikaa chini. Komeo hakukaa. Alikuwa amekumbuka nyumba moja aliyoitwa miezi miwili nyuma, ambako mwenye nyumba amebadilisha kufuli la stoo mara tatu na bado vitu vinapotea. Komeo alikagua kufuli, akaliona zima, akamwambia yule bwana kwa adabu zote kwamba anayeiba anakula naye meza moja.

— Tunasafisha flash, alisema polepole, na aliyeichafua yumo ndani ya mashine anatutazama. Tukiondoka tu, anarudishia. Lazima yeye atoke kwanza.

— Karatasi haisemi hivyo, alisema Waya.

Akaigeuza. Upande wa pili ilikuwa imeandikwa, kwa herufi kubwa na kupigiwa mistari miwili, ANZIA HAPA.

Mama Birika alimmiminia Waya kikombe bila kuombwa, akamwongezea na sukari.

Basi wakaanzia pale. Flash ya utepe mwekundu ikachomolewa na kuwekwa juu ya marobota. Komeo akabonyeza vidole vitatu kwa pamoja, Ctrl na Shift na Esc, ikatoka orodha ya kila kinachofanya kazi ndani ya mashine wakati ule.

— Simamisha wote, alisema Mzee Breki. Mizani ya malori barabarani ndiyo hufanya hivyo. Magari yote pembeni, mmoja mmoja.

— Nikisimamisha wote nitasimamisha na mashine.

— Basi waombe vitambulisho.

Na kwa kweli ndivyo Komeo alivyofanya. Alishuka na orodha jina kwa jina, Waya akisema huyu namjua, huyu naye namjua, huyu ni wa sauti, mpaka wakakuta jina la herufi kumi na mbili zisizo na irabu hata moja.

— Hata mama yake hawezi kumwita akale, alisema Dozi.

Komeo alimbofya kwa kitufe cha kulia akamuuliza anapokaa, na mashine ikamfungulia folda ambayo hakuna mtu angeifungua kwa hiari yake, ndani kabisa, mna faili moja tu. Alijaribu kulifuta, likagoma kwa sababu lilikuwa kazini. Akalisimamisha kwanza, akafuta, likafutika. Kisha kwenye orodha ya vinavyoamka pamoja na mashine akalikuta jina lile lile limejiandikisha kama mpangaji halali, akalitoa na huko.

— Sasa zima, halafu washa, alisoma Waya.

— Nilisema nini? alisema Mzee Breki. Kitu cha kwanza kabisa. Nilisema izimwe.

Ilipowaka, yule wa herufi kumi na mbili hakuwamo. Wakairudisha flash ya utepe mwekundu bila kubofya chochote, wakarudia amri ya mikwaju, wakafuta vibandiko, wakafuta na faili dogo la autorun lililokuwa limejibanza chini. Komeo aliichomoa na kuichomeka mara tatu. Mara zote tatu folda zilirudi za njano. Mara ya tatu alibaki ndani kidogo, ameweka kiganja juu ya lile boksi la kompyuta kama anampima mgonjwa homa, kisha akatoka.

— Fungua tuone kama wamo, alisema Dozi.

Akafungua VIPIMO. Walikuwemo, kila mmoja na faili lake. Komeo akahesabu kwa kidole juu ya kioo, wenzake wakihesabu kwa sauti, wakafika sitini na tatu na faili moja likawa limebaki.

— Sitini na nne, alisema Waya. Huyo wa mwisho ndiye virusi. Usimguse.

Lakini la mwisho lilikuwa limeandikwa KOMEO. Komeo alilifungua kabla hajakumbuka kwamba kioo kinatazama barabara, na benchi zima likasoma.

Shingo arobaini na moja. Kifua mia na nne. Mkono wa kulia umezidi wa kushoto kwa sentimita moja na nusu, ni ile tupa ya kuchongea funguo. Bega la kulia limeshuka, tia pedi nyembamba ndani, asijue. Amepimwa akiwa amelala. Shati jeupe, kwa kitambaa kitakachobaki. Asiambiwe.

Pikipiki ikapita. Mzee Breki alikohoa.

— Kifua mia na nne si haba, alisema.

— Kwa umri wake ni kizuri, alisema Dozi.

Komeo alilifunga faili. Alikuwa amepanga kugeuza kioo kitazame ndani, kufuta alama za vikombe dirishani na kunyamaza mpaka siku ya mwisho wa dunia. Lakini mtu amekupima bega usingizini ili usione haya kwamba limeshuka, halafu wewe umpokee na uongo mlangoni? Alimpenda mke wake, na pale benchini, mbele ya watu wenye vikombe, alimpenda mpaka akaona haya.

— Nitamwambia, alisema.

— Usimwambie, alisema Dozi. Mashine imepona. Utamwonyesha cheti cha daktari cha nini?

— Mwambie nusu, alisema Mzee Breki. Mwambie ilikohoa.

— Nani alikohoa? aliuliza Bi Sentimita.

Alikuwa amesimama nyuma yao na mkoba wake begani. Ilikuwa saa kumi kasoro dakika tano. Hakuna aliyejua amefika lini.

— Shikamoo shemeji, alisema Mzee Breki, ambaye anamzidi miaka ishirini.

Bi Sentimita alikitazama kioo kilichogeukia barabara, akatazama waya uliopita kwenye nondo, kibodi mapajani, pamba na spiriti.

— Mume wangu, alisema.

— Nilichomeka, alisema Komeo. Jana. Ulinikataza nikachomeka, kwa ajili ya fainali. Flash yako ikaingiliwa, vipimo vikapotea, tumeshinda hapa mchana kutwa, vimerudi. Vyote. Nisamehe.

Bi Sentimita alisogea dirishani.

— Wodi ya saba, yule mrefu. Kiuno.

Komeo akafungua, akasoma.

— Themanini na sita na nusu.

— Msimamizi wa zamu ya asubuhi. Urefu wa mkono.

— Hamsini na nane.

Alimuuliza wa tatu, na wa nne, na vyote vilikuwa kama alivyovishika kichwani. Kisha akasema "sawa". Komeo alikuwa ameiogopa "sawa" hiyo tangu jana, lakini ilipotoka aliisikia ni nyingine, ina pumzi ndani yake. Alishusha mabega.

— Umehesabu ngapi? aliuliza Bi Sentimita.

— Sitini na nne.

— Umeona?

— Nimeona.

— Na hawa?

Watu watatu walitazama ndani ya vikombe vyao kwa makini makubwa. Mama Birika alitazama juu, ambako hakukuwa na kitu. Bi Sentimita alivuta pumzi, akaweka mkoba chini, na kwa mara ya kwanza tangu benchi lile liwepo, akakaa.

— Haya. Mashine mmeisafisha, flash yangu mmeisafisha. Na ile yenu?

— Ile nimeisafisha mimi mwenyewe, alisema Dozi. Kwa spiriti.

— Ndani?

— Nje, alisema Dozi, na ikasikika katika sauti yake kwamba ndiyo kwanza analisikia neno hilo.

— Iko wapi?

Wote waligeukia ubao. Msumari wa kumi, funguo za makabati. Wa kumi na mbili, funguo za baiskeli. Wa kumi na moja ulikuwa mtupu.

— Ilikuwepo saa nane, alisema Waya.

— Amepita fundi bomba, alisema Mama Birika. Wamepita mabinti wawili wa duka la kuchapisha. Amepita na karani mmoja. Wote wamekunywa. Mimi nilikuwa natazama mikwaju yenu.

— Yuko nyumba gani sasa hivi, huyo aliyeichukua? aliuliza Bi Sentimita.

Mtaa ulikuwa na nyumba pande zote mbili, na madirisha mengi yana mwanga wa bluu nyuma ya pazia. Mama Birika aliliinamisha birika juu ya kikombe cha Bi Sentimita, yakatoka matone mawili na machicha.

— Huwa inarudi, alisema Mzee Breki.

Kwa mara ya kwanza katika miaka minne maneno hayo hayakumfariji mtu. Komeo aliinuka, akachukua karatasi mkononi mwa Waya, akaigeuza upande wa ANZIA HAPA, akavuka barabara kwenda kubisha hodi nyumba ya kwanza.

— Bega, alisema mkewe nyuma yake. Liinue bega.